Je, Mama wa Nyumbani Hafanyi Kazi?

Mume akiulizwa mkewe hufanya nini, mara nyingi hujibu: "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Neno hilo "tu" linaumiza. Ni nani anayekesha mtoto akiwa na homa? Ni nani anayemfundisha ishara ya msalaba kabla hajajua kusoma? Kazi hii haina mshahara wala likizo, na vyombo vilivyooshwa asubuhi huwa vichafu tena jioni.

Mtasema fedha ndiyo inayolipa karo. Ni kweli. Lakini je, kisicholipwa hakina thamani? Katika wosia wake wa mwaka 1981 kuhusu familia, Papa Yohane Paulo wa Pili alitaka kazi ya mama nyumbani itambuliwe na kuheshimiwa na wote. Hata sheria ya Kenya ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 huhesabu malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango.

Baba, leo jioni mpokee mama mtoto, umwambie asante. Watoto wanakusikia unavyomtaja mama yao, nao watamheshimu vivyo hivyo.