Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wazee wetu walituachia methali fupi ambayo twaitamka mara nyingi bila kuipima: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida twaisema kwa mzaha, siku mgeni afikapo na jogoo aliyehifadhiwa kwa muda mrefu akachinjwa. Lakini ndani yake mna neno zito. Methali haisemi kwamba atakayepona ni mgeni, ingawa ndiye mwenye njaa na uchovu. Yasema atakayepona ni mwenyeji. Juma hili twapenda kulitafakari neno hilo pamoja nanyi, na kwa ajili hiyo twawaomba mfuatane nasi hata ukingo wa mto Kilombero, mahali paitwapo Kivukoni.

Mwezi wa Juni mwaka 2013, nilipokuwa bado frateri, mimi na mwenzangu mmoja tuliondoka Mahenge alfajiri kwa baiskeli, tukikusudia kulala Ifakara. Njia hiyo ya kilometa zaidi ya 70 yashuka kutoka milimani, yapita Lupiro na Minepa, kisha yafika mtoni. Siku zile daraja halikuwapo. Watu, magari na mizigo vilivushwa kwa pantoni. Tulikuwa vijana, tukajiamini kupita kiasi. Hatukuchukua chakula ila mikate miwili, wala hatukuchukua tyubu ya akiba.

Tulipokwisha kupita Lupiro mambo yaligeuka. Mvua za masika zilikuwa zimechelewa kuisha, na tope jeusi la bondeni lilijaa katika magurudumu. Mnyororo wa baiskeli yangu ukakatika. Tairi la mwenzangu likapata pancha mara mbili. Tukawa twazisukuma baiskeli badala ya kuzipanda. Jua liliposhuka, mwenzangu alianza kutetemeka kwa homa. Tulifika Kivukoni giza limekwisha ingia, pantoni limeacha kuvusha, nasi hatukumjua mtu hata mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa akianua samaki mbele ya nyumba yake alituona, akaitikia shikamoo yetu, kisha akamtazama mwenzangu usoni. Hakutuuliza kabila wala dini. Alisema, "Poleni, wanangu. Huyu ni mgonjwa. Mwingize ndani kwanza, habari mtanipa baadaye." Mumewe alikuwa mvuvi, Mwislamu mwenye kushika swala zake. Usiku ule tulikula wali na perege katika sinia moja na watu wa nyumba ile.

Nyumba ilikuwa na chandarua kimoja tu kilicho kizima, nacho ndicho walichokilalia watoto. Mama akakishusha, akakifunga juu ya kitanda alicholazwa mwenzangu. Nilipotaka kukataa, mzee akaniambia, "Acha, mwanangu. Sisi tutawasha moto, moshi utatusaidia. Mgonjwa hana nguvu za kupigana na mbu." Ajuaye bonde la Kilombero ajua uzito wa tendo hilo. Ni bonde la maji, la mpunga na la mbu. Si bure kwamba wataalamu wa Uswisi walianzisha maabara yao Ifakara mwaka 1957, na kwamba hata leo Taasisi ya Afya ya Ifakara yaendelea kuichunguza malaria. Watu wale walitupa kinga ya watoto wao, nao hawakujua hata majina yetu.

Asubuhi kijana wa jirani, fundi baiskeli, aliunga mnyororo akaziba tyubu. Mwingine alimpakia mwenzangu kwenye keria, akavuka naye kwa pantoni, akamfikisha mpaka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, alikotibiwa akapona. Nilipotoa fedha kidogo nilizokuwa nazo, mama aliusukuma mkono wangu akasema, "Mkipita tena, pigeni hodi tu."

Ndugu wasomaji, sisi tuliokuwa tukijifunza kuhubiri habari ya Msamaria mwema tulijikuta siku ile si Msamaria, bali yule mtu aliyelala kando ya njia. Na aliyesimama kwa ajili yetu hakuwa kuhani wala Mlawi. Ni mtu ambaye wengine wangemhesabu kuwa wa nje. Ndivyo Bwana wetu alivyoisimulia habari ile, naye alikusudia kuvunja kiburi cha wasikilizaji wake. Katika Matendo ya Mitume twasoma pia kwamba Mtume Paulo na wenzake, jahazi lao lilipovunjika, walipokewa na wenyeji wa kisiwa cha Malta. Watu wale walikuwa hawajaisikia Injili, hata hivyo waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, wakawakaribisha wote. Mtume alipokea kwanza, ndipo akawaombea wagonjwa wao wakaponywa. Hapo methali yetu yatimia wazi: mgeni alikuja, wenyeji wakapona.

Wala jambo hili si la bonde moja tu. Mwishoni mwa mwaka 1931, mtu mmoja wa Poland aitwaye Kazimierz Nowak alianza safari Tripoli katika nchi ya Libya, akiwa na baiskeli yake. Alilivuka bara letu lote hata ncha ya kusini, kisha akarudi kaskazini, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi, mwendo wa kilometa 40,000 hivi, mpaka mwaka 1936. Mtu asafiriye hivyo hawezi kuubeba mji wake mgongoni. Maji na mahali pa kulala hana budi kuomba kwa watu asiowajua, katika lugha asizozijua. Alifariki kwao mwaka 1937, afya yake imedhoofishwa na safari. Lakini kwamba alifika kwao akiwa hai ni ushuhuda juu ya milango mingi ya Afrika iliyofunguliwa.

Hata imani yetu wenyewe ilisafiri hivyo. Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika nchi hii mwaka 1921, na makatekista waliokuwa nao, walivifikia vigango vya bonde hili kwa miguu, kwa mtumbwi na kwa baiskeli. Kila mahali kulikuwa na mtu aliyewapa maji kabla hajawapa sikio.

Sasa yanipasa kuungama jambo. Mwezi Januari mwaka 2016 kivuko cha Kilombero kilizama kwa dhoruba, na watu walilia. Kwa hiyo tulimshukuru Mungu daraja la mita 384 lilipozinduliwa mwezi Mei mwaka 2018, ambalo leo laitwa Daraja la Magufuli. Daraja ni jambo jema, na asitokee wa kusema vingine. Lakini mwaka 2019, nikiwa tayari padre, nilipita juu yake ndani ya gari, vioo vimefungwa, nikiwahi mkutano. Pale Kivukoni mzee mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mpunga, tairi la nyuma halina upepo. Pampu ilikuwamo garini. Sikusimama. Wala sikupiga hodi kwa yule mama. Nilipofika Minepa ndipo nilipokumbuka, na hata hapo sikugeuza gari.

Miezi miwili baadaye nilirudi kwa kusudi, nikapiga hodi. Nyumba ilikuwa na watu wengine. Yule mama na mumewe walikuwa wamehama, na majirani hawakujua waendako. Deni langu sikuweza kuwalipa wao. Ndipo nilipofahamu kwamba wema wa mtu usiyemjua huwa deni ambalo mara nyingi halilipwi kwa aliyekukopesha. Hulipwa kwa mgeni mwingine, atakayefika mlangoni pako au utakayemkuta njiani. Nikafahamu pia ugonjwa ambao mwenyeji huponywa. Ni ule wa kujitosheleza: mtu mwenye gari, mwenye fedha, mwenye haraka, asiyemhitaji mtu, na mwishowe asiyemwona mtu.

Wengine watasema: Padre, siku hizi wezi nao hupiga hodi. Ni kweli, na busara si dhambi. Mjulishe balozi wako kwamba una mgeni. Waite jirani na ndugu wa jumuiya ndogondogo wakae nawe. Nyumba isiyoweza kumlaza mgeni yaweza kumpa maji, chakula na mtu wa kumwonyesha njia. Lakini tusiifanye hofu kuwa kufuli la kudumu. Na wewe fundi au mwenye duka, umwonapo msafiri aliyekwama jioni, usimpandishie bei kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Shida ya mgeni si soko. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kumpokea mgeni mzigo kabla ya kumwuliza atokako, kwa maana hawatajifunza hilo kwa hotuba, watajifunza kwa kuwatazama ninyi.

Siku ya mwisho, asema Bwana wetu katika Injili ya Matayo, wenye haki watashangaa kuambiwa kwamba walimkaribisha Mfalme. Watauliza ni lini. Nami naamini kwamba miongoni mwa watakaouliza hivyo atakuwamo mama mmoja wa Kivukoni, aliyeshusha chandarua cha watoto wake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Tumwombe Mungu atujalie tusimame karibu naye siku ile, na kabla ya siku ile atupe macho ya kumwona asukumaye baiskeli kando ya njia, na miguu ya kusimama.