Twende Kabla Tumbo Halijaonekana

Keti, mjukuu wangu. Haya nimeyasema hadi koo limekauka, lakini mimba yako imefika wiki ya 10 nawe hujakanyaga kliniki. Waogopa kijicho ikitajwa mapema. Basi nitasema tena.

Nimezalisha akina mama wengi hapa Namanga. Mtoto akishalia, nilipokea kondo la nyuma nikalikagua kiganjani, kipande kwa kipande, nione kama limetoka lote. La mama mwenye afya hujaa mkono, jekundu, laini. La mama aliyepandwa na presha mara nyingi lilikuwa dogo, lenye mabaka meupe magumu. Nilikuwa nikisoma barua iliyochelewa, mama keshapoteza fahamu kwa kifafa cha mimba.

Barua hiyo huanza kuandikwa mapema. Miezi ya kwanza, kondo hujichimbia ndani ya mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu. Lisipofanya hivyo vizuri, mtoto hupata damu kwa tabu, na baadaye presha ya mama hupanda. Ndiyo maana kati ya wiki ya 11 na ya 14 madaktari hupima katika damu ya mama protini za kondo, PAPP-A na PlGF. Zikiwa chini mno, ni onyo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kipimo hicho hakiko kila kituo. Lakini nesi atakufunga mkanda wa presha, atakuuliza: ni mimba ya kwanza? Ni mapacha? Uliwahi kuugua presha au sukari? Hayo nayo ni mawingu. Utafiti wa ASPRE wa 2017 ulionyesha kwamba aspirini, ikianzwa wiki hizo kwa walio hatarini, hupunguza kwa zaidi ya nusu presha inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37. Usijinunulie dukani; daktari ndiye aamue. Ila ukingoja tumbo lionekane, msimu wake unakupita.

Usiku mmoja nilipanda ambulensi kwenda Kajiado, nimeshika mkono wa msichana ambaye pete ilikuwa imezama kwenye kidole kilichovimba. Lami ni nzuri, lakini usiku ule njia haikuisha. Sitaki kuushika wako hivyo.

Nimechoka, mjukuu wangu, ila miguu bado ninayo. Kesho asubuhi beba kitambulisho, twende.