Urafiki wa Haja

Sisi watu wa Tingi hula dagaa wa Kivinje na Somanga, tukamshukuru Mola, tukamshukuru na mvuvi. Lakini dagaa naye hula nini? Hula vidudu vidogo vya baharini, na vidudu hivyo hula mwani usioonekana kwa jicho, ambao kila mmoja ni chembe moja tu inayoelea juu juu majini ipate jua. Na mwani huo nao una haja zake.

Mwaka 2005 wataalamu wa Uingereza walieleza kuwa katika aina 326 za mwani walizozipitia, aina 171 haziwezi kustawi bila ya vitamini B12, wala hazijui kujitengenezea. Huipata kwa bakteria. Mwani hutengeneza sukari kwa nuru ya jua, sehemu yake ikavuja, bakteria akala. Naye bakteria akatoa vitamini. Hakuna mkataba wala shahidi.

Hapo wengi husema: tazameni mapenzi! Mimi nasita. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza habari za bakteria aitwaye Phaeobacter na mwani uitwao Emiliania huxleyi. Mwani ukiwa na nguvu zake, bakteria huyo huukinga na bakteria wabaya, tena huupa dawa ya kuukuza. Ukianza kuzeeka, mwili wake hutoa kemikali fulani. Bakteria akiionja tu, huacha ulinzi, akatengeneza sumu, akauua mwani uliokuwa ukimlisha.

Je, tumwite khaini? La hasha! Hana akili wala nia, na pasipo nia hapana dhambi wala thawabu. Lakini kwa hoja hiyo hiyo, hata ile vitamini haikuwa wema. Ilikuwa haja tu.

Basi tujitazame. Mwenye mashua humhitaji mvuvi, na mvuvi humhitaji mwenye mashua. Sioni aibu hapo. Hata mwalimu wa chuo huwahitaji wanafunzi (mliosoma zamani mnakumbuka kuni mlizotubebea). Wako wasemao kuwa wema ulioanza kwa haja si wema. Hao wamekaza mno; wangetuachia watu wema wangapi? Mimi naona haja ni mlango, na aliyeingia hatumjui mpaka haja iishe. Mtu amemvutia mwenzake nyavu miaka 30, macho yakaingiwa na mtoto wa jicho. Siku hiyo ndipo ajulikanapo mwenye mashua, kama alimtaka mtu au aliitaka mikono yake.

Katika fukwe zetu, mzee akishuka mashua zinaporudi hupewa kitoweo. Ni desturi njema, ila vijana huiita sadaka, na mzee husimama na kikapu chake akingoja kuonwa. Mimi siiiti sadaka. Mashua ile imelipiwa kwa mgongo wake. Fungu lake litengwe kabla ya mgao, kisha mtoto alipeleke nyumbani, mzee asisimame juani.