Sikio Moja

Nyuma ya nyumba ya mama, huku Nyarubungo, kuna mahali maji ya kuogea hupita yakielekea migombani. Hapakauki, hata kiangazi cha Juni hadi Agosti. Pamefunikwa na mmea mdogo unaotambaa: majani ya duara yenye ukingo wa meno meno, shina jembamba lenye wekundu, na kila kifundo kinachogusa udongo hutoa mizizi. Wataalamu huuita Centella asiatica. Mwaka jana nilitaka kuung'oa nipande nyasi za kununua, zile za bustani za hoteli za Mwanza. Nikamwambia mama, hili ni gugu tu.

"Gugu la nani?" akauliza, akaendelea kuchambua maharage.

Basi swali likanikaa. Gugu ni mmea ulioota mahali ambapo mtu hakuutaka. Sasa huyo mtu ni nani? Mmea huu ni wa hapa, wa mabonde yetu. Jina lake la kitaalamu linadai Asia kwa sababu Linnaeus aliupa sehemu hiyo ya jina, asiatica, mwaka 1753, naye hakuwahi kufika Afrika. Unaota pia Madagaska, ambako majani yake huvunwa kwa ajili ya dawa za vidonda. Yaani ni mwenyeji aliyeandikiwa cheti cha mgeni.

Lakini pale uani haukujiotea. Aliupanda bibi mmoja jirani yetu, nikiwa mtoto, baada ya kuona mama akiteleza kila siku na ndoo. Alikata bondeni vipande vyenye vifundo viwili vitatu na mizizi yake, mvua za Oktoba zilipoanza. Akavilaza chini kwa umbali wa shubiri, akafukia vifundo tu, majani akayaacha nje. Miezi miwili ya kwanza palipaliliwa kwa mkono, maana jembe lingekata vitambazi. Baada ya hapo ukajifunika wenyewe. Unapenda kivuli chepesi cha mgomba, unavumilia kukanyagwa kidogo, ila ukikosa maji majuma kadhaa unasinyaa. (Ya pale hatuli, maana hunywa maji ya sabuni. Anayetaka ya kula apande penye maji safi.)

Bibi yule aliuita gutwikumwe, sikio moja, kwa sura ya jani. Ni jina la Burundi na Rwanda. Lugha yake na Kihangaza cha Ngara ni kama mtu na nduguye, na si ajabu: Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa ya Burundi hadi Wabelgiji na Waingereza walipogawana ardhi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka ulihama, watu wakiwa wamekaa palepale.

Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kwamba miongoni mwa walioondoka walikuwemo watu walioishi Tanzania kwa miongo kadhaa. Bibi alikuja kwetu na kitambaa kichwani, akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Niandikie barua kwamba nimekaa hapa." Nikamjibu nitaandika kesho. Nilikuwa likizo, na nakiri nilikuwa na woga pia: barua ina jina la mwandishi. Kabla hajagongewa mlango na mtu yeyote, alifunga mizigo na kuondoka alfajiri.

Najua mmea si mtu. Mfano huu una pengo, na nisipolitaja nitakuwa nakudanganya, msomaji. Ugeni wa mmea wakati mwingine ni jambo la kweli: gugumaji lilitoka Amerika Kusini, Mto Kagera ukalibeba hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wanajua lilichofanya. Ila mihogo, mahindi na hayo maharage aliyokuwa akichambua mama yalitoka upande huohuo wa dunia, na hakuna anayeyadai vibali. Kumbe asili haijawahi kuwa swali letu hasa. Tunauliza kwanza kama kitu kinatufaa, halafu tunatafuta asili ya kutetea jibu. Hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu bibi alitufaa pia, na haikumsaidia. Na kama asingetufaa? Haki ya kukaa mahali haiwezi kuwa ujira wa kuzuia watu wasiteleze.

Barua niliianza. Iko kwenye daftari la chuo, mistari minne, haina tarehe.

Nyasi sikununua. Nilichukua vipande vitano, nikavifunga kwenye gazeti bichi, nikavipanda Mwanza kando ya bomba la nyumba ninayopanga. Viwili vilikufa. Wiki iliyopita mwenye nyumba aliniuliza nimepanda kitu gani. Nikamtajia jina, akaniomba nirudie, bado hakulishika. Akasema sawa, lakini hapa siku hizi hapatelezi.