Mke si Mwanasesere



Mume akigundua kwamba mkewe alikopa pesa kwa siri, jambo la kwanza analoliwazia ni nini? Mke wake, au jina lake?

Mwaka 1879 Henrik Ibsen, mwandishi wa Norway, alitoa tamthilia juu ya jambo hili. Torvald, baba wa watoto watatu, alikuwa mgonjwa sana, na madaktari wakasema asipopelekwa nchi yenye joto atakufa. Sheria ya siku hizo haikumruhusu mke kukopa bila idhini ya mumewe. Basi Nora, mkewe, akakopa kwa siri, akaghushi sahihi ya babake kama mdhamini, akampeleka mumewe Italia akapona. Miaka iliyofuata alilipa kidogo kidogo, akijinyima nguo na kunakili maandishi usiku kwa malipo. Mumewe hakujua. Alimwita kindege chake na kumkataza hata biskuti tamu.

Kughushi ni kosa. Asije mama akasoma ukurasa huu akaenda benki kuandika jina la mtu mwingine! Lakini tazameni mume alivyofanya barua ya mdai ilipomfikia. Hakuuliza sababu. Alimwita mkewe mnafiki na mhalifu, akasema hafai kulea watoto, ila abaki nyumbani ili watu wasijue. Mara hati ya deni ikarudishwa, naye akashangilia kwamba ameokoka, akatangaza msamaha. Ameokoka yeye! Ahadi ya ndoa kuhusu ugonjwa Nora aliitimiza. Ile ya taabu mumewe aliishindwa.

Nora akaondoka, akawaacha watoto. Mwaka 1880 mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kuigiza mwisho huo, na Ibsen akaandika mwingine ambamo Nora anabaki, ingawa mwenyewe aliuchukia. Nasi tuliofunga ndoa kanisani twatamani abaki. Lakini abaki katika nyumba ya namna gani?

Kisa hiki kilikuwa na mizizi. Laura Kieler, mwandishi aliyejuana na Ibsen, alikopa kwa siri kumwokoa mumewe mwenye kifua kikuu. Siri ilipofichuka, aliishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye alirudi kwa mumewe, na akaendelea kuandika vitabu. Mwaka 1888 Norway ikamtambua mke kuwa mtu mzima mbele ya sheria.

Baba, mkeo akikujia jioni na habari ya mkopo wa chama, mwache amalize kusema. Nawe mama, kama kuna deni ulilolificha chini ya kanga kabatini, mwambie mumeo kabla mdai hajabisha hodi. Mwisho wa mwezi huu watoto wakishalala, wekeni mezani hesabu zote, za mshahara na za kibanda cha sokoni, na kila mmoja ashike kalamu.