Mwenye Kiwanja na Mwenye Motokaa

Kumiliki kiwanja ni kumiliki haki ya kukataza. Mtu asiyeweza kumzuia mwenziwe asiingie katika ua wake hana ua. Ana njia ya kila apitaye. Jambo hili halihitaji ushahidi. Lakini haki ya kukataza ni moja, na haki ya kumwadhibu aliyekatazwa naye akaingia ni nyingine. Ya kwanza ni ya mwenye mali. Ya pili, tangu watu walipoacha kulipizana kisasi, ni ya hakimu. Katika Uingereza ugomvi wa motokaa zilizoachwa katika viwanja vya watu binafsi umezishindanisha haki hizi mbili kwa zaidi ya miaka 30, na swali lililomo ndani yake ni kubwa kuliko gurudumu lililouzusha.

Ni wajibu kuanza na kilio cha mwenye kiwanja, maana aghalabu husahauliwa. Mwenye duka karibu na kituo cha gari la moshi hutenga nafasi chache kwa wanunuzi wake. Asubuhi wasafiri huzijaza motokaa zao, wakapanda gari la moshi kwenda kazini, wakarejea jioni bila ya kununua hata kiberiti. Mwenye duka hawajui majina yao wala makwao. Kumwambia afungue shauri juu ya kila mmoja ni kumwambia avumilie. Mtu aliyenyimwa njia nyepesi ya haki hutafuta njia yake mwenyewe, naye hastahili kulaumiwa kwa kuitafuta. Astahili kuulizwa ni njia gani aliyoipata.

Njia iliyopatikana ilikuwa pingu ya chuma. Mkandarasi aliajiriwa akazunguka viwanjani, akalifunga gurudumu la motokaa iliyokosea, akabandika karatasi yenye namba ya simu. Mwenye gari aliporudi alitakiwa kutoa fedha papo hapo, ndipo afunguliwe. Ajabu ya dawa hii ni kuwa ilizidisha ugonjwa: gari lililolalamikiwa kwa kukaa mahali pasipo pake lilizuiwa kuondoka mahali pale pale.

Waliotetea pingu walikumbusha sheria ya kale ya Kiingereza iliyomruhusu mkulima kumkamata mnyama wa jirani aliyekutwa akiharibu mazao, na kumshika mpaka alipwe hasara. Mkulima wa mwambao wa Afrika ya Mashariki hatashangaa: mbuzi aliyevamia mihogo hufungwa, na mwenyewe huja kumkomboa. Lakini fidia ya mbuzi hupimwa kwa mihogo iliyoliwa. Majirani huenda shambani wakaitazama, wakasema hii ni nyingi, hii ni kidogo. Motokaa iliyosimama juu ya lami haikula kitu, na kiasi cha fedha hakikupimwa na jirani yeyote. Kilipangwa na yule yule aliyefunga, mlalamikaji, shahidi, hakimu na mpokeaji wa faini katika koti moja.

Mahakama za nchi ile hazikuafikiana. Katika Scotland mahakama ya juu ya jinai iliamua mwaka 1992 kwamba kulifunga gari la mtu na kumdai fedha ili alipate kwaweza kuhesabiwa kuwa ni wizi na unyang'anyi wa kitisho, na desturi hiyo ikakoma huko. Katika England mahakama ya rufani iliukataa, kwa wingi wa majaji, mfano wa mnyama. Lakini ikafungua mlango mwingine, nao ni mlango wa ridhaa. Ikiwa bango limesema waziwazi kwamba aegeshaye hapa atafungwa na kutozwa, naye amelisoma akaegesha, basi ameyaridhia matokeo, mradi ada isipite kiasi na gari lifunguliwe bila ya kucheleweshwa.

Hoja hii ina nguvu, maana inamheshimu mwenye gari kwa kumwona mtu mwenye akili na hiari. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2000. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka hospitali alijisikia vibaya njiani, akaingiza gari lake kando katika kiwanja cha watu, akashuka. Aliporudi baada ya dakika chache gurudumu lilikuwa limefungwa. Bango lilikuwapo, lakini hakuliona. Mahakama ya rufani ilimpa haki: ridhaa haikai ukutani, hukaa moyoni mwa mtu, na asiyelisoma tangazo hakuliridhia. Hata hivyo majaji waliongeza kuwa tangazo lililowekwa mahali ambapo halikosi kuonekana litamfanya hakimu, kwa kawaida, aamini kwamba limeonekana. Kwa nyongeza hiyo mzigo ulirudi kwa dereva, na mtu aliyesimama mvuani usiku mbele ya gari lililofungwa hakuwa na hakimu wa kumweleza kwamba alikuwa mgonjwa. Alilipa kwanza, akabishana baadaye, kama alikuwa na uwezo wa kubishana.

Tarehe 1 Oktoba 2012 Sheria ya Kulinda Uhuru iliifuta pingu ya watu binafsi katika England na Wales. Chuma kiliondoka, karatasi ikakaa mahali pake. Makampuni ya maegesho sasa hutuma hati ya madai ambayo herufi tatu za jina lake zafanana na za hati ya faini itolewayo na halmashauri ya mji, ingawa moja ni amri ya serikali na nyingine ni dai la mkataba tu. Mfanano huo hauna budi kutiliwa shaka: wengi hulipa kwa kudhani kwamba wameadhibiwa na dola. Sheria hiyo hiyo iliyapa makampuni uwezo mpya wa kumdai mwenye gari aliyeandikishwa, hata kama hakuendesha yeye, na jina lake hupatikana katika daftari la serikali kwa malipo ya pauni 2 na nusu.

Shauri lililolichimba jambo hili mpaka mizizi liliamuliwa na mahakama ya juu kabisa tarehe 4 Novemba 2015. Katika maegesho ya maduka huko Chelmsford, gari liliruhusiwa kukaa saa 2 bure. Dereva mmoja alizidisha dakika 56 akadaiwa pauni 85. Alijitetea kwamba hakuna aliyepata hasara ya pauni 85, wala hata ya pauni 1. Majaji 6 katika 7 walimkatalia: kampuni na mwenye kiwanja walikuwa na sababu ya haki ya kutaka nafasi zizunguke kwa wanunuzi wengi, na kiasi kile hakikuvuka mpaka. Jaji mmoja hakukubaliana nao.

Katika shauri lile palikuwa na jambo ambalo lastahili kufikiriwa kuliko hizo pauni 85. Kampuni haikulipwa na mwenye kiwanja kwa kulinda maegesho. Yenyewe ilimlipa pauni 1,000 kila juma ili ipate kuyalinda. Pato lake lilitoka kwa wavunjaji wa kanuni. Kama madereva wote wangalitii, mlinzi angalifilisika. Mkulima aliyemfunga mbuzi alitaka mihogo yake isiliwe tena. Mlinzi wa namna hii, hata akiwa mwaminifu, hana sababu ya kutamani bango liwe kubwa zaidi au taa iwe kali zaidi. Majaji waliliona hilo, wakasema biashara haikatazwi kupata faida. Ni kweli kwa sheria. Kwa maadili, kazi iliyomfanya mtu afurahie kosa la mwenziwe haijatakaswa kwa kuwa halali.

Basi aliyetumiwa hati afanye nini? Akiwa hakukosa, kubisha ni wajibu. Aandikie kampuni, apeleke rufani, na ikibidi asimame mbele ya hakimu. Maana anayelipa dai la uongo kwa uchovu huwalipia wengine watakaodaiwa kesho. Asipuuze karatasi za mahakama, kwa kuwa hukumu isiyolipwa katika mwezi mmoja hukaa katika daftari miaka 6 na kumharibia mkopo wa nyumba.

Ugumu ni kwa aliyekosa kweli. Hati iliyotumwa bila ya kubandikwa garini yapasa kumfikia mwenye gari katika siku 14, la sivyo hawezi kudaiwa kwa uwezo ule mpya. Anayesimama juu ya siku 14 hadanganyi. Kampuni ilipewa upanga kwa sharti, na sharti ni sehemu ya upanga. Lakini wako waandikao barua wakisema, "Dereva hakuliona bango," "Dereva aliondoka mapema," nao wajua kwamba dereva ni wao wenyewe. Sheria haiwalazimishi kumtaja, na huenda kila neno la barua likawa kweli. Mtu huyo amejifanya mgeni katika gari lake ili asijibu swali ambalo angalimwuliza jirani yake bila ya haya: ulikuwapo, au hukuwapo?