Wazo la Leo: Ukubwa wa Mama Mboga

Mwaka 1849 Gustave Courbet, mzaliwa wa Ornans, Ufaransa, alichora wavunja mawe wawili, mzee na kijana, kwenye turubai lenye upana wa zaidi ya mita 2.5. Kipimo hicho enzi zake kilitengewa wafalme, watakatifu na vita. Hakuhitaji taji wala malaika ili kutoa ishara: ukubwa wenyewe ulitangaza kwamba kibarua naye ana historia, na umri wa wawili hao ulionyesha kazi inayompokea mtu akingali mtoto na kumwachilia akiwa ameishiwa nguvu.

Hoja hiyo imo pia katika picha za Patrick Mukabi wa Nairobi, ambaye wanawake wake wa sokoni, wenye maungo mapana na leso, hulijaza turubai hadi pembeni. Wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini humo wanawajua: ndio wanaodamkia soko la Marikiti ili mtaa upate sukuma wiki jioni. Wapo watakaosema huku ni kuupamba umaskini ili uning'inizwe sebuleni kwa tajiri. Hatari hiyo ipo, lakini chanzo chake ni jicho, si mada. Picha inayomwombea mtu huruma humdunisha. Inayompa nafasi humlazimu mtazamaji kumpisha. Wengine watauliza picha hujaza sufuria ipi. Haijazi yoyote. Ila kanjo, yaani askari wa jiji, anapomwaga nyanya za mchuuzi, huwa ameshaamua kwamba mwenye nyanya si mtu wa maana, na uamuzi huo ndio mchoraji anaoupinga.